Mti Si Kiti

Jumatatu, 3 Machi

Kamba wamekufa tena. Wale wadogo wekundu, urefu wa ukucha. Nimewakuta wamelala ubavu kwenye mchanga. Samaki wanaogelea juu yao kana kwamba hawana habari. Nimewatoa kwa kijiko, huku nawaomba radhi. Mtu mzima, naomba radhi kamba!

Lingekuwa tangi la mteja, moja la yale matangi ya samaki ninayotengeneza kwenye mapokezi ya ofisi, ningesema basi, navunja, naanza upya. Lakini hili ni la baba. Nusu langu, nusu lake. Maji, mawe na mchanga ni vyangu. Mkuyu ni wake — bonsai, mti unaodumazwa kwa makusudi, urefu haufiki kiwiko, umri umenizidi mimi. Shina limekalia jiwe juu ya maji, mizizi imelikumbatia jiwe hadi chini, samaki wanapita katikati yake.

Miaka yote tulikuwa watu wa kutupiana vijembe. Yeye ananiita Chura kwa vile mikono yangu haikauki. Mimi namwita Mfunga Bandeji, kwa jinsi anavyozungushia matawi waya hadi yapindike anavyotaka yeye. Mwezi uliopita akasema: haya Chura, leta maji yako nilete mti wangu. Tukafanya kazi siku nzima bila kugombana. Mama akasema hapa kuna jambo, hawa si bure. Kesho yake baba akaanguka bafuni. Kiharusi.

Sasa yuko hospitali, mama anashinda naye, mimi nimeachiwa nyumba na tangi. Na kaka yangu anataka baba akitoka ahamie kwake, yeye na mama, mji mwingine, ghorofa ya saba. Lifti ipo, daktari yuko jirani. Baba hataki hata kusikia. Kaulizwa kwa nini, katoa neno moja: "Mti." Kaka akacheka, akasema sawa baba, ukirudi ukiukuta mzima unakaa. Ukiwa umekufa, huna sababu, tunaondoka. Baba akaitikia kwa kichwa. Mama anasema waliagana kwa kupeana mikono, kama wanauziana ng'ombe.

Basi ndiyo hali. Mie ndiye mlinzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimebadilisha nusu ya maji. Nimesafisha chujio. Nimenunua kamba wapya.

Alhamisi, 6 Machi

Wapya nao wamekwisha.

Nimefikiri hadi kichwa kinauma. Maji ni yale yale ninayotumia kila mahali. Mawe nimeyachemsha mwenyewe. Kitu kigeni humu ni kimoja tu, mkuyu. Mkuyu una utomvu mweupe unaonata. Lazima utomvu unachuruzika majini. Lazima!

Nimeunyanyua na jiwe lake, nimeosha mizizi bombani, nimeuweka kwenye beseni barazani. Mgongo umenikatika. Nilipokuwa naunyanyua nimesikia sauti ya baba wazi kabisa, lile neno lake: mti si kiti, usiuhamishehamishe. Alikuwa akimwambia kila mgeni aliyetaka kuusogeza apige picha. Nikamjibu kwa sauti, baba, siku mbili tu. Nimeongea na mtu asiyekuwepo. Nyumba hii itanitia wazimu.

Ijumaa, 7 Machi

Barazani kuna upepo. Nimeuhamishia jikoni.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda hospitali. Baba amekonda, mdomo umevutwa upande. Upande wa kulia umepooza. Bahati ni mtu wa kushoto, mkono wake wa kazi haukuguswa. Amenishika kifundo cha mkono, nguvu zile zile. Akahangaika, akahangaika, ndipo likatoka: "M-ti?"

Nikasema unapendeza baba, umetoa vichipukizi. Mungu wangu! Kwa nini niliongeza vichipukizi? "Mzima" ingetosha. Akafumba macho, akatabasamu kwa nusu ya uso. Mama akaniangalia kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Kurudi nyumbani, jani la kwanza la manjano. Limeanguka lenyewe nikiwa nalitazama.

Jumanne, 11 Machi

Majani sita, saba, sijui, nimeacha kuhesabu. Nimeurudisha kwenye tangi, pengine umezoea mwanga wa dirisha lile. Kamba wengine niliowatia humo, na maji mapya, baada ya kuutoa mkuyu walikuwa wazima! Wazima kabisa, wanakwangua mawe. Nikasema basi, mkosaji ni mti, lakini nifanyeje, mti ndio baba anaoutaka. Nikaurudisha.

Mteja amepiga simu, tangi la zahanati yake limeota ukungu wa kijani. Nikamwambia nitakuja. Sikwenda.

Jumatano, 12 Machi

Kamba wameanza kuzungukazunguka ovyo kama walevi. Nikautoa tena. Mpaka dirisha la chumba cha mama. Majani yananidondokea begani nikiubeba. Yanadondoka kwa kuguswa tu.

Kaka kapiga simu. Nikasema kila kitu kiko sawa. Akasema, sauti yako mbona hivyo? Mafua, nikasema. Njia ya mwongo fupi, na mimi nimeshaikimbia karibu yote.

Ijumaa, 14 Machi

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Asubuhi nimemkuta konokono wa tangini amekufa. Nikakaa sakafuni na konokono mkononi. Kamba wamekufa, konokono amekufa, samaki wazima. Kamba, konokono — samaki wazima! Mtoto wa kazi hii angejua siku ya kwanza. Ni shaba. Shaba ikiingia majini samaki huvumilia, kamba na konokono hawavumilii hata chembe. Wateja wangu wote nawaimbia: msitie sarafu humu, msitie dawa yenye shaba. Nami mwenyewe nalaumu utomvu!

Nikauweka mkuyu mezani, nikabandua lile zulia la kijani, mimea laini ya majini, tulilofunikia mizizi. Chini yake, waya. Waya wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, umeikaza mizizi kwenye jiwe. Umezungushwa kwa mkono wa kushoto.

Nikakumbuka yote. Nilimpa uzi wa pamba afungie. Akaguna: uzi utaoza, Chura. Nikasema ndiyo, uoze, mizizi itakuwa imeshashika. Nikatoka kujaza ndoo. Niliporudi alikuwa ameshafunika, anajifuta mikono, anapiga mluzi. Hakutaka mti wake uanguke ndani ya maji yangu. Miaka yote anafunga kwa shaba, kwa nini siku hiyo afunge kwa uzi? Na mimi kwa nini sikumwambia sababu? Nilisema uzi, sikusema shaba ni sumu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimeukata kwa koleo. Umetoka wote isipokuwa kipande kimoja kilichozama kati ya mzizi mnene na jiwe. Nikikivuta mzizi unalia. Nimekiacha, nikakipaka gundi ile ya matangi kisiguse maji.

Sasa sikia wewe mwenye kichwa kigumu: shaba ndiyo imeua kamba. Lakini majani? Waya ule ulikuwepo tangu mwanzo na mkuyu ulikuwa na majani yake yote mpaka Alhamisi ile. Majani nimeyaua mimi. Tangini, barazani, jikoni, tangini, chumbani. Mti si kiti.

Nimelia hadi nikapaliwa.

Jumamosi, 15 Machi

Umebaki mifupa. Hakuna jani.

Watu wa bonsai wana kipimo chao. Unakwangua gome kidogo kwa ukucha; chini kukiwa kijani, mti uko hai, majani yatarudi. Kukiwa kahawia, basi. Baba alinifundisha nikiwa darasa la pili. Nimesimama hapo na ukucha wangu. Nimeshindwa. Mara tatu nimekwenda, mara tatu nimerudi. Nisipokwangua bado haujafa.

Mama karudi kufua nguo. Kauona, kasimama mlangoni na beseni kiunoni. Hakupiga kelele, na mimi nilitaka apige kelele. Akasema baba yako anatolewa Alhamisi, na kaka yako anakuja na gari. Nikamweleza habari ya waya. Akasema kwa hiyo ni yeye. Nikasema si yeye, ni mimi, niliuhamisha. Akasema, basi ni nyote wawili, siku mliyopatana ndiyo siku mliyoharibu. Akaenda kufua. Baadaye nikamsikia anapenga kamasi nyuma ya nyumba.

Mama naye hataki kuhama. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Kuna ufundi wetu mmoja sisi wa matangi. Miti unayoiona ndani ya maji, mizuri, ina vichwa vya kijani — si miti. Ni kuni. Unachukua tawi kavu lenye umbo zuri, unalifunga zulia la kijani kwenye ncha, likishika linaonekana mti wa miaka mia. Wateja wanashangaa. Nimefanya mara nyingi mno.

Siandiki hili kwa ajili ya kujifundisha. Naliandika kwa sababu nimeshaweka zulia la kutosha kwenye ndoo, na uzi wa pamba uko mfukoni.

Jumatano, 19 Machi

Nimefanya.

Tawi kwa tawi, uzi mwembamba, mkasi mdogo. Nimeurudisha mahali pake tangini, nikaunyunyizia maji. Kutoka mlangoni huwezi kujua. Ni mzuri. Ni mzuri kuliko ulivyokuwa, ndiyo aibu yake.

Mama kautazama, kasema: umeivalisha maiti sare ya shule. Nikacheka! Tukacheka wote wawili, tukashikana, halafu yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akasema baba yako akiuliza, mimi sijui kitu. Akasema pia, simama vizuri mbele yake asiuguse. Ndivyo alivyosema, asiuguse.

Baba? Asiuguse mti?

Alhamisi, 20 Machi

Naandika jikoni, mlango nimeurudishia. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Wamefika baada ya chakula cha mchana. Kaka kamsukuma baba kwenye kiti cha magurudumu hadi sebuleni. Kaka ndiye aliyeuona kwanza. Akasimama. "Ala! Kumbe mzima!" Uso ukamshuka kidogo, kisha akajikaza, akasema haya mzee, umeshinda, ahadi ni ahadi. Alisema kwa moyo safi. Hilo nitamshukuru. Mama akaanza kumwondolea baba viatu haraka haraka, kana kwamba akishavuliwa viatu hakuna atakayemtoa tena.

Ningenyamaza. Ilikuwa imekwisha, tumeshapata.

Baba akaonyesha kwa kidole. Karibu. Kaka akamsogeza karibu. Nikasema baba umechoka, pumzika kwanza. Wapi! Mkono wa kushoto ukapanda. Akagusa kichwa cha mti kwa ncha za vidole. Akatulia. Akabana zulia, akalivuta taratibu, likatoka na uzi wangu. Tawi tupu. Akaenda la pili. La tatu. Akawa anayaweka mapajani mwake, kijani, maji yanamlowesha suruali.

Nikapiga magoti. Nikasema baba, ni mimi. Niliuhamisha, nikauhamisha, nikauhamisha tena.

Hakunitazama. Mkono ulikuwa unateremka shinani, kwenye mizizi, ndani ya maji, mkono wa shati na yote. Nilijua unakwenda wapi. Nikamshika, baba acha. Kidole kikapata kile kipande, kikabandua gundi, kikafuata mzunguko wake nyuma ya mzizi. Nikaona anautambua. Nani asiyetambua fundo lake?

"Mi-mi," akasema.

"Hapana baba. Waya uliua kamba. Mti nimeuua mimi."

"Mimi."

"Mimi, baba!"

Mama akasema jamani, hata hili mnagombania?

Kaka akakaa kwenye mkono wa kochi, akajishika kichwa. Akasema kwa hiyo mlikuwa mnanidanganya. Wote. Halafu kwa upole, upole ambao ni mbaya kuliko hasira: basi, tulikubaliana. Mama, fungasha nguo zake. Tukiondoka sasa tutafika kabla ya giza.

Mama hakuinuka. Ana viatu vya baba mikononi.

Nikasema hatujakwangua. Kaka, subiri, hatujakwangua gome, pengine liko kijani. Kaka akasema, ukwangue basi. Nikanyoosha ukucha. Sikuweza. Mbele yao wote sikuweza. Nikamtazama baba, yeye ndiye mwenye mti, yeye akwangue. Akatikisa kichwa. Hataki. Naye hataki kujua!

Kaka akasema hii nyumba ni ya vichaa.

Ndipo nikakimbilia huku.

Nasikia yanayoendelea. Kaka anamwambia baba aachie shina, atauangusha. Baba haachii. Mkono bado uko majini, nasikia maji yanavyochapwa. Kaka anasema wacha tukunyanyue kidogo tu, mzee, kidogo tu, hutasikia. Mama anasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: usimhamishe. Kaka anasema mama, tafadhali, usifanye iwe ngumu.

Sasa kaka ananiita mimi. Njoo ushike upande wa kulia, huu usio na nguvu.

Ananiita tena.

Nimekaa. Mguu wangu nimeuzungushia mguu wa meza.