Jiliwa la Kibonge

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Mimi mzima, masikio tu ndiyo yameisha kwa kelele za grenda karakanani, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupayuka kwenye simu. Asiye mzima ni mjukuu wangu. Kibonge anatapika, analala kutwa, na ubonge wenyewe umebaki jina. Daktari anasema nyama, mayai na maziwa mengi vinageuka sumu mwilini mwake, kwa hiyo amekatazwa. Wamepeleka damu yake mbali kupimwa, na wanamchoma sindano za vitamini. Mdogo wako analia tu. Wewe unashinda maabara na hizo vitamini. Mtoto wake atapona?

Baba yako

14 Machi

Shikamoo baba,

Mimi sijambo, baridi tu. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, hata begi sijatua. Nikueleze kwa lugha ya karakana. Mwilini kuna vimeng'enya, ndio mafundi wenyewe. Hiki kinachomsumbua Kibonge kina umbo kama jiliwa lako la kubania vyuma. Vitamini ikiingia, jiliwa linaibana na kuipinda hadi kiungo chake dhaifu kikatike, na hapo inatoka cheche kali. Cheche hiyo ndiyo inayokata na kupanga upya kile kinachogeuka sumu. Jiliwa likifunga vizuri, cheche inafanya kazi humo ndani. Likiachia, inaunguza ovyo.

La Kibonge lilizaliwa na kasoro. Kama limepinda kidogo, vitamini nyingi italisaidia kubana. Kama halipo kabisa, hata aletewe lori zima haitamfaa. Majibu ya vipimo ndiyo yatasema. Mimi nina matumaini, baba. Wala si dawa ya ajabu, ni vitamini ileile iliyojaa kwenye maini.

Mwanao

27 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Miaka yote hii leo ndiyo nimeelewa unafanya nini huko. Kumbe nina fundi mwenzangu! Huyu daktari ni kijana, kazi yake kukataza. Wewe umesoma kumpita. Basi nikaenda buchani, nikachemsha maini, nikayaponda laini. Mama yake alikuwa kazini, hajui, nataka nimshangaze akimwona ananenepa. Kibonge alikula hadi akalamba sahani. Leo nampa tena.

Baba yako

5 Aprili

Baba,

Nisamehe sijakuamkia. Usimpe maini. Ukilinganisha na sindano, vitamini humo ni chembe tu, kilichobaki chote ndicho kile alichokatazwa. Ilikuwa juu yangu kukuandikia hivyo, nikapitiwa. Nilipomaliza kusoma barua yako nilimpigia mdogo wangu. Yuko hospitali tangu Jumatatu, mtoto hafumbui macho. Tafadhali nijibu.

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Sisi tupo. Kibonge tumemzika, kama ulivyosikia. Mdogo wako tunaishi naye nyumba moja ila hasemi nami. Ananiwekea chakula, anaondoka. Karakana nimefunga.

Majibu yamekuja, karatasi imejaa herufi na namba, na mdogo wako amekutumia picha ya karatasi hiyo. Wewe unajua kuisoma. Jiliwa lake lilipinda, au halikuwepo? Kama halikuwepo, basi angekufa tu, na mimi nitapata usingizi. Niambie.

Baba yako

15 Mei

Shikamoo baba,

Unakula lakini? Majibu nimeyasoma. Jiliwa halikuwepo kabisa. Sindano zisingemfaa, wala kukatazwa nyama kusingemfikisha mbali. Hukumuua wewe. Lala, baba.

Mwanao

30 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Mimi nipo. Barua yako ilifika Ijumaa, na nililala usiku ule na uliofuata. Jumatatu mdogo wako alikwenda kusomewa majibu na yule daktari kijana. Aliporudi alinisemesha, mara ya kwanza tangu mazishi. Jiliwa lilipinda kidogo tu. Sindano zilikuwa zimeshaanza kumfaa.

Najua kwa nini uliandika vile, na asante. Mwana kumwonea baba yake huruma si dhambi. Lakini maini nilimpa kwa sababu neno lako nililiamini kuliko la daktari, na la juzi nililiamini vilevile. Kesho ukiniandikia lingine nitaliamini tena, ndivyo nilivyo kwako. Kwa hiyo nakuomba, habari za Kibonge usiniandikie tena. Niandikie kama huko bado kuna baridi.

Baba yako