Msimu wa Kulungu Ulikuwa Umefungwa

9 Juni

Baba,

Habari za melini? Mgongo umepoa? Mimi na shangazi Verna tu wazima, ila nyumba imekuwa kubwa tangu Mama atutoke na wewe urudi ziwani. Jumamosi nilimaliza shule. Shangazi alipiga makofi peke yake mpaka nikaona aibu.

Chuo cha uuguzi kinataka nieleze kwa nini shule ilinisimamisha mwezi Machi. Walikuwa wameshanipa nafasi, lakini sheria yao ni kwamba adhabu yoyote ya baadaye lazima uitaje. Nimewaandikia kwamba nilitoka kuwinda, nikasahau bunduki yako kwenye pikapu, mlinzi akaiona shuleni, polisi wakaichukua.

Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu sisi wawili hunyamaza tu.

Mwanao,
Signe

24 Juni

Signe binti yangu,

Barua imenikuta tukipakia madini ya chuma. Mgongo haujambo, kinachoniua ni kahawa ya mpishi wetu, ungeweza kuziba paa nayo. Hongera kwa kumaliza. Nisamehe sikuwepo.

Sasa niambie, Machi uliwinda nini? Msimu wa kuwinda kulungu ulikuwa umefungwa tangu sikukuu za mwisho wa mwaka. Hapo kwetu hata mtoto wa chekechea anajua. Nilimwambia mkuu wa shule bunduki yangu iko kabatini, kumbe iko kwenye maegesho yake, nikaonekana mpumbavu. Ulikuwa unampelekea nani? Kama ni mvulana, sema. Ukiwadanganya hao watu watakunyang'anya nafasi.

Baba yako

8 Julai

Baba,

Natumai ziwa limetulia na unapata usingizi. Mimi sijambo, ila usingizi wangu unakatikakatika.

Mama mmoja wa chuoni alinipigia. Kumbe kwao ni karibu na kwetu. Akacheka, "Binti, Machi mlikuwa mnawinda nini huko, theluji?" Nikaanza kuomba radhi. Akaacha kucheka, akanipa mpaka mwisho wa mwezi niandike upya.

Hakuna mvulana. Mimi kwenye sherehe za watu hujificha jikoni, wewe unajua. Bunduki niliitoa kabatini kwa sababu sikutaka ikae nyumbani na wewe, basi. Zaidi ya hapo usiniulize. Mengine si yangu peke yangu kuyasema.

Mwanao,
Signe

17 Julai

Signe,

Nakusalimu, mwanangu. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ile ya Machi nilidhani umeshakwenda shule. Nilikaa kitandani upande wa mama yako, bunduki magotini, na sikuwa naisafisha. Kumbe uliniona. Kesho yake ufunguo wa kabati ulikuwa mkononi mwangu, nikitaka kuitoa tena, shule ilipopiga simu. Nilibisha, nikafungua ili nithibitishe kuwa ni waongo, nikakuta patupu. Kisha nikaja kukuchukua, nikakukaripia njia nzima.

Nimemweleza nahodha. Kuna daktari naongea naye kwa simu kila wiki. Bunduki polisi wakiirudisha itakwenda kwa baba yako mdogo Arvid, ikae huko.

Waandikie ukweli. Weka na jina langu.

Baba yako

12 Agosti

Baba,

Uko salama? Nimefurahi kuhusu daktari. Usimwache hata ukijiona umepona.

Barua yako ilifika mapema, muda walionipa chuoni haujaisha. Niliandika yote, na jina lako nikaweka. Kisha nikaisoma kama mtu asiyekujua. Ulikuwa mtu wa bunduki tu. Hapakuwa na chapati zako za maji za Jumapili, wala jinsi ulivyokuwa ukimwosha Mama nywele alipokuwa hawezi kuinuka. Nikafuta. Nikawaambia sikutoka kuwinda, nilidanganya, na sababu siwezi kuitoa.

Jana walijibu. Nafasi wameiondoa. Yule mama wa chuoni alipiga simu mwenyewe, akasema, "Ungenipa hata sentensi moja, mwanangu." Shangazi amelia kuliko mimi.

Usinikasirikie. Nimepata kazi ya kufua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kuna bibi mmoja huniita muuguzi kila nikipita na kapu, nami simsahihishi.

Januari ziwa likiganda na meli ikiegeshwa, njoo moja kwa moja nyumbani. Kabati la bunduki nimelijaza nyuzi na sweta za Mama. Halina kufuli tena.

Mwanao,
Signe