Nyonga ya Golikipa na Tathmini ya Ijumaa

Wasomaji wangu wa safu hii ya ushauri, barua hii ilinifikia siku ya Jumatatu, wiki ile ya mechi ya kwanza ya Kunguru, timu yetu ya hoki ya barafuni. Nilimjibu mwandishi wake siku ile ile, jibu nikampelekea mkononi, na barua nikaifungia kwenye droo. Sasa wiki tatu zimepita, na wote watatu wanaotajwa humu wameniruhusu kuichapa na majina yao. Jibu langu sikulipunguza makali.

*

Bi. Saima, pokea salamu zangu, na unisamehe kwa kukuandikia badala ya kupanda ngazi nije ofisini kwako, maana kati ya meza yako na yangu ni ghorofa moja tu, lakini jambo hili nikilisema kwa mdomo nitalia, na mwanaume wa miaka hamsini na mbili akilia kwenye ngazi za gazeti Ahola Bay nzima itajua kabla ya chakula cha mchana. Naomba unisaidie, na naomba iwe kabla ya Ijumaa.

Kazi yangu unaijua. Kila mwaka, Ijumaa ya kabla ya mechi ya kwanza, naandika tathmini ya msimu mzima wa Kunguru, mchezaji mmoja mmoja na alama zake juu ya kumi, na mwisho natabiri tutamaliza nafasi ya ngapi kati ya timu nane za ligi, na watu wanaukata ukurasa ule wanaubandika kwenye friji mpaka Aprili ili nikikosea wanisute vizuri. Mwaka huu nimeshamaliza yote isipokuwa aya moja. Nimeandika kwamba mabeki wetu ni wazito lakini wana akili, kwamba yule mshambuliaji mpya kutoka Saskatchewan ana mbio za ajabu ila akifika golini anaona haya kupiga, kwamba kocha Pruitt amewapandisha vilima tangu Agosti na safari hii hawatakata pumzi dakika za mwisho, na kwamba katika mechi sita za mwanzo tano ni za ugenini, tusipopata ushindi hata mara mbili huko basi habari ya mtoano tuisahau. Hayo yote niliyaandika bila wasiwasi. Aya iliyobaki ni ya golikipa.

Golikipa ni Renaud Delorme, mume wa mdogo wangu Helvi. Alikuja kutoka Quebec kucheza msimu mmoja, sasa ni wa kumi na mbili, na mara ya kwanza tulipomwingiza kwenye sauna ya marehemu baba, kile chumba cha kuogea mvuke wa moto, alitoka mbio baada ya dakika tatu akidhani tunataka kumpika, na leo hii akikosa sauna ya Jumamosi anakuwa mkali wiki nzima. Ana miaka thelathini na saba. Nimempa alama tisa miaka tisa mfululizo na hakuna aliyenibishia, hata wale wasemao napendelea shemeji.

Jumamosi hii iliyopita tuliingia sauna wawili, alasiri kama kawaida, na Renaud hakupanda ubao wa juu penye joto kali. Alikaa chini, pale wanapokaa watoto. Nikamtania kwamba Quebec imemrudia mwilini, naye hakucheka, akanionyesha jinsi mguu wa kushoto unavyokataa kunyanyuka, kisha akaniambia yote. Alikwenda kwa siri kwa daktari wa mbali, na daktari akamwambia ule ulaini wa kwenye nyonga umekwisha kabisa, mfupa unasaga mfupa, na kila anapojiangusha magotini kuziba goli, jambo ambalo golikipa analifanya mara mia kwa siku mazoezini, anausaga zaidi. Akicheza msimu huu atawekewa nyonga ya chuma kabla hajafika arobaini, na hata hiyo huenda isimsaidie kutembea bila fimbo. Siku klabu ilipowapima wachezaji alimeza vidonge vya maumivu na kutabasamu, wakampitisha.

Halafu akaniambia hivi: "Shemeji, msimu mmoja tu nimalizie. Niandikie kwamba niko fiti. Wakiamini wao, na mimi nitaamini."

Wewe ni wa hapa, unajua kwamba kinachosemwa sauna hakitoki sauna. Baba yangu aliwahi kukaa na siri ya jirani miaka thelathini kwa sababu aliisikia akiwa ameketi kwenye ubao ule.

Jumapili Helvi akaja kwangu na mkate mtamu wa nisu, hata kahawa hakuigusa. Kumbe anajua. Kumbe tangu Julai yeye ndiye anayemvalisha mumewe soksi ya kushoto kila asubuhi, kwa sababu mwenyewe hawezi kuinama kuufikia mguu. Amemsihi aache, wamegombana, amenyamaziwa siku nane. Akanishika mkono akasema, "Kaka, andika. Kocha akisoma atamweka benchi, na mimi sitakuwa mke aliyemchongea mumewe." Nikamwambia nitafikiria, na tangu hapo nafikiria mpaka kichwa kinauma.

Maana kuandika nako si rahisi, Bi. Saima. Katika mchezo wetu hakuna klabu inayotaja mtu kaumia wapi. Wanasema ni jeraha la sehemu ya chini ya mwili, basi, iwe kidole cha mguu au kiuno, na sisi waandishi tunaandika hivyo hivyo bila kucheka, kwa sababu wapinzani wakijua mahali panapouma ndipo watakapopiga. Nikitaja nyonga ya kushoto Ijumaa, na kocha asipomweka benchi, kufikia Jumamosi timu zote saba zitakuwa zinamrushia kisahani, ndio mpira wetu wa barafuni, chini kushoto, na kila mpigo unaomlazimisha kujiangusha upande ule nitakuwa nimeupiga mimi. Nikiandika yuko fiti nimewadanganya watu walioniamini miaka yote hii. Nikinyamaza, kunyamaza kwenyewe ni kuandika, kwa kuwa ukurasa usio na golikipa kila mtu atauliza kulikoni.

Na sijamaliza, hili la mwisho ndilo linaloninyima raha. Mimi nilishaona tangu Aprili. Kwenye mtoano, mechi ya tatu, nilimwona akiinuka kwa kuushika mwamba wa goli, mara nne, mara tano, na nilijua mtu mwenye afya hainuki hivyo. Tulishinda. Nikaandika kwamba ana moyo wa chuma, na mechi iliyofuata ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Nilinyamaza kwa sababu tulikuwa tunashinda, Bi. Saima, na hata sasa nataka tushinde. Tukiwa naye naona nafasi ya tatu, bila yeye ni ya saba. Nimeandika ya tatu, nikafuta, nikaandika tena.

Nimeazimia kwamba Ijumaa saa sita mchana, ukurasa ukienda kuchapwa, nitakuwa nimefanya jambo moja na kulisimamia. Sitakimbia. Ila sijui ni lipi, na wewe hujawahi kuniogopa, kwa hiyo niambie.

Arvid Lahtela,
ukurasa wa michezo

*

Arvid, nimekusoma mpaka mwisho. Pole sana. Ni vigumu kumpenda mtu, kuipenda timu yake, na kulipwa kusema kweli juu ya wote wawili. Hiyo ndiyo pole yangu, nimeitoa kwa moyo, na imetosha.

Sasa na wewe nijibu. Umeniandikia kurasa tatu kuniuliza uandike nini, lakini Renaud alipokuambia yale wewe ulimjibu nini? Nimetafuta mstari kwa mstari sijaona. Mtu mzima amekaa kwenye ubao wa watoto, amekufungulia hofu yake yote, na wewe naona ulichota maji ukamwaga juu ya mawe ya moto, mvuke ukapanda, mkanyamaza. Kama nimekosea nisahihishe. Najua sikukosea, ninyi wanaume wa hapa nimewazika wengi na wote walinyamaza hivyo hivyo.

Helvi naye, nampenda kama mwanangu, lakini anataka gazeti limwambie mumewe yale ambayo yeye amechoka kuyasema. Na wewe unataka aya moja ifanye kazi ya kaka. Mnamwogopa nini? Nyote wawili mnatetemeka mbele ya mtu asiyeweza kuvaa soksi yake mwenyewe. Gazeti si la kumwambia mtu wa nyumbani mwako, Arvid. Ukimwambia kwenye ukurasa wa michezo utakuwa umemwambia mji, yeye atakuwa amesikia tu pamoja na wengine, na hatakusamehe, na mimi sitamlaumu.

Usinitolee desturi ya sauna. Mimi nimezaliwa ndani ya sauna, kama ilivyokuwa kawaida hapa zamani, mama yangu vilevile, kwa hiyo usinifundishe. Desturi inasema ya mle ndani yasitoke nje. Haikusema yasijibiwe mle mle.

Marehemu mume wangu Eero alicheza beki miaka kumi na mmoja kwa magoti mabovu, na gazeti hili hili lilimsifu. Sifa zile ninazo, nimezitunza sandukuni, nzuri kweli. Ila hakuna hata moja iliyowahi kuja nyumbani kwangu kunisaidia kumwinua kutoka chooni, na nilimwinua miaka kumi na tisa. Ule mstari wako wa moyo wa chuma niliusoma Aprili kwenye meza ya jikoni, nikakunja gazeti nikaenda kuosha vyombo. Nilitaka kukuambia sikukuambia. Kwa hiyo na mimi nina kosa langu humu, na ndiyo maana nakujibu leo leo.

Fanya hivi. Leo ni Jumatatu, usingoje Jumamosi. Mpigie Helvi awashe moto wa sauna, na akimaliza kuwasha aingie na yeye, asibaki jikoni kusikiliza ukutani. Mwambie Renaud kwanza kwamba Aprili uliona ukanyamaza, na kwamba ulinyamaza kwa sababu ya ushindi. Mwombe radhi kwa hilo kabla hujamtaka lolote. Kisha mwambie hutaandika kwamba yuko fiti, si leo si kesho, hata akilia. Na mwambie nyonga yake hutaiandika pia, kwa sababu mwili ni wake na wa kuusemea ni yeye. Ana mpaka Alhamisi jioni kwenda kwa Pruitt na karatasi ya daktari. Jitolee kumpeleka kwa gari, na huko ukae nje umsubiri.

Akienda, utaandika atakachokuruhusu yeye na klabu, na nafasi ya saba utaiandika kwa herufi kubwa, friji za watu zimewahi kubeba mabaya kuliko hayo. Akikataa, Ijumaa asubuhi nenda kwa mhariri, umwambie huwezi kumpa alama mume wa dada yako, aya ile aiandike mwingine, na chini ya jina lako iwekwe wazi kwamba ni shemeji yako. Watu watashuku, na waache washuku. Hukupaswa kumpa alama tangu mwaka ule alipomwoa Helvi, nami nilikuambia wakati ule ukanicheka. Na kama ataingia kwenye barafu hivyo hivyo, ni mtu mzima, mwache aingie, lakini asiingie akiwa na tisa yako mfukoni, na wewe usisimame kumpigia makofi.

Atabisha. Atakuambia habari za wenzake, na vijana wanaomtegemea, na kwamba mabeki bila yeye watapotea. Usibishane naye juu ya hoki, atakushinda, anaijua kuliko wewe. Wewe umemzidi miaka kumi na tano, na ubovu wa moyo wako sote hapa kazini tunaujua, mwaka juzi ulianguka kwenye ngazi hizi hizi tukakuokota. Kwa hesabu ya kawaida utatangulia wewe. Mwambie hapa kwetu jeneza hubebwa na watu sita, na wewe umeshampangia nafasi yake, mbele kushoto, na kutoka kanisani mpaka makaburini ni mlima. Muulize kama atakuwepo, bila fimbo.