Mazoezi ya Baba

Wusi, Taita
9 Agosti 1956

Kaka yangu mpendwa Alexander,

Nakusalimu sana, wewe na wifi Dinah na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima huko Nairobi. Huku kwetu baridi imekaza na ukungu hautoki hadi mchana. Sisi si wazima, kaka, ndiyo maana naandika.

Nianze na baba. Ulipoondoka baada ya Pasaka ulimwacha akilalamika kizunguzungu. Tulimpeleka hospitali, daktari akamfunga kitambaa cha mpira mkononi, akakijaza upepo, akasema damu yake inapita kwa nguvu mno. Alimkataza chumvi na kumwamuru apumzike. Wewe unamjua baba. Mtu aliyebeba reli pale Voi nusu ya maisha yake, umwambie akae tu! Alisema wenzake wote waliostaafu wakakaa, wamekwisha kuzikwa.

Basi akatafuta njia yake. Alikwenda kwa Ndulu, yule mama Mkamba wa Maungu anayeuza mitishamba, akapewa magome ya kuchemsha, machungu hata ukinusa. Kila asubuhi alikunywa, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kile kipande cha reli alichokuja nacho alipostaafu. Alikiinua hadi kifuani, akachuchumaa nacho, akasimama. Majirani walimcheka, akaona haya, akataka kuacha. Ndipo mama akajitafutia jiwe, akasimama kando yake, wakawa wanainua pamoja, wazee wawili wanahema na kucheka. Nilifurahi sana kuwaona.

Mwezi wa saba tulirudi hospitali. Damu ya baba ilikuwa imeshuka kidogo. Daktari hakusema ni magome wala chuma. Alisema tu azidi kuacha chumvi na asijikaze mno. Baba alipanda mlima akiimba.

Sasa nikuambie lile ninalolizunguka. Jumatatu mama aliinua jiwe, likaanguka. Nilidhani limemponyoka. Alipogeuka, mdomo ulikuwa umekwenda upande na mkono wa kulia unaning'inia. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Daktari alipompima aliniuliza amekuwa akitibiwa wapi. Nikamjibu mama hajapata kuugua. Akasema damu yake iko juu kuliko ya baba ilivyowahi kuwa, na huenda ni ya miaka mingi, na sasa mshipa umepasuka kichwani. Kaka, hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumpima mama.

Jana Ndulu alikuja kumwona, akalia. Kumbe mama alimwomba magome yake pia, akisema kichwa kinamgonga usiku kucha. Ndulu alimsihi aende hospitali. Mama akamjibu, "Hospitali ni ya mzee. Nyumba hii haiwezi kulea wagonjwa wawili."

Daktari ameturudisha nyumbani, amesema hana la kufanya tena. Mama hasemi, hata uji unamkwama, ila macho yanatufuata. Baba ameacha dawa na chuma chake. Anaketi sakafuni kando ya kitanda, ameushika ule mkono usiosikia. Nikimbembeleza ale, ananitazama kama mgeni.

Usingoje likizo. Omba ruhusa kazini, upande treni ya kwanza. Siwezi kukuahidi kwamba utamkuta.

Nilimwuliza baba anatuma salamu gani kwako. Alivuta shuka tu, akaufunika mkono wa mama. Basi pokea zangu peke yake.

Dada yako,
Elsie