Kendi Amechora Kichwa Changu

Jumanne. Laare leo kuna baridi ya kuuma masikio, na bado nimetoa jasho.

Nyinyi mnaonisoma mnajua: kwa kupanga miraa, kutoka hapa hadi Maua hakuna mkono kama wangu. Shule tuliachana kidato cha pili, bila kugombana.

Dada yangu Kendi ndiye alisoma kwa niaba ya ukoo. Yuko chuo kikuu, anatengeneza programu ya kompyuta inayoiga vile habari hupita kichwani: inaingia kwa macho, inakaa kwa meza ndogo ya kumbukumbu, halafu inashuka kwa mkono. Wikendi alinipima mimi. Picha zinapita, mimi nabonyeza: kangeta, ile ndefu ya bei, au alele, ile fupi. Huku analiza sauti ya honi kwa simu yake.

"Honi ikilia, meza yako inamwaga," akasema. "Mkono unaendelea lakini urefu hauangalii tena. Programu inajua utakosea kabla ukosee."

"Hiyo programu yako imewahi kufunga kibunda hata kimoja?"

Wenzangu wa kupanga miraa walicheka mpaka wakashika mbavu.

Leo sicheki.

Saa tisa pikapu ilikuja, honi juu ya honi, maana miraa ikilala ni takataka. Nikafunga gunia la mwisho la kangeta, dereva akapaa. Ndipo nikaangalia chini. Rundo langu la alele lilikuwa limepungua.

Mzee Kaberia, mwenye mzigo, alishasema: gunia likirudi limechanganywa, nikachunge mbuzi. Na yeye alikuwa Maua, akingoja pikapu hiyo.

Ninyamaze? Nairobi, mzigo unakouzwa, ni mbali.

Nikampigia Kendi. "Na mtu akishajua amemwaga, programu inasema atafanya nini?"

"Hapo sijafika, Mutwiri."

Basi nikangoja pikapu ifike Maua, nikampigia mzee. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Mzee, fungua gunia la kamba ya bluu. Ni mimi nimeharibu."

Nikasikia majani ya ndizi, yale tunafungia miraa, yakichanwa.

"Alele iko ndani," akasema. "Kesho kuja mapema. Na hiyo mdomo uache nyumbani."

Mashine ya Kendi inanijua mpaka honi. Baada ya honi, bado natafutwa!

Lakini kesho pikapu itakuja, na dereva ni yule yule. Mkono wangu utamsikiliza nani, mimi au honi yake?