Chini ya Daraja la Santuri ya Baba

Woolwich, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na usingizi unapata? Sisi wazima, mimi na Nassor wangu. Mama, ndoa tamu. Akirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, hunipikia chai ya tangawizi mwenyewe, nami namtazama kama sijapata kuona mwanamume. Kinachonitesa ni baridi tu, na kazi ambayo bado sijaipata.

Jumapili alinipeleka mahali nilipomwomba tangu fungate: kwenye daraja lililo katika picha ya jalada la santuri ya marehemu Baba, ile ya wazungu wa magitaa. Unalikumbuka, daraja la treni la matofali meusi, na mtu wa koti refu aliyetugeuzia mgongo. Baba akisema, "Ipo siku nitasimama pale pale alipo huyu." Hakujaaliwa.

Ndani ya basi Nassor alinicheka. "Wenzako huja London kuona kasri la mfalme. Wewe unataka daraja bovu."

"Aliyekuchagua wewe akichagua daraja bovu, unashangaa nini?"

Tulifika mchana, lakini ungedhani magharibi imeingia, kwa ukungu. Kila kitu kilikuwa vile vile, hata tofali lililomeguka upande wa kushoto. Mtaa kimya, madirisha yote yamefungwa. Nassor akarudi nyuma na simu yake. Mimi nikasimama alipo yule mtu, nikampa Nassor mgongo, nikaelekea kwenye giza la daraja.

"Usitikisike, bibi harusi," akasema.

Ndipo nikaitwa, Mama. Kutoka mbele yangu, chini ya daraja. "Kibibi." Taratibu, na mwishoni akivuta, kama Baba alipotaka nimletee miwani. Hakuna mwingine aliyepata kuniita hivyo. Hata Nassor sikuwa nimemwambia.

Ulitufunza kwamba ukiitwa na usiyemwona, ufunge mdomo. Ulimi ulinitangulia. "Abee, Baba," nikaitika, na nikapiga hatua.

Nassor akanidaka mkono. "Unamwitikia nani?"

"Hukusikia?"

"Nimekusikia wewe tu."

Chini ya daraja hapakuwa na mtu. Njia ilionekana tupu mpaka upande wa pili.

Tangu siku hiyo Nassor hulala amenishika kiganja, akisoma Ayatul Kursi mpaka sauti inampotea. Picha ameifuta. Shangazi yake wa Lewisham anasema aliyeitika amefungua mlango, kwa hiyo Ijumaa yeye na wenzake wanakuja kunisomea dua nisiitwe tena. Nimekubali, kwa kuwa nampenda mume wangu na sitaki aishi kwa hofu.

Ila wewe nakwambia kweli, Mama. Mimi sikuogopa. Siku aliyofariki Baba mliniambia aliniita asubuhi nzima, nami niko bwenini, shuleni, hakuna wa kuitika. Je, niwaache wanisomee? Nijibu kabla ya Ijumaa.

Nisalimie Bibi, mama yake Baba, na kaka Hamad na mkewe, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea gauni la harusi. Bibi usimwambie habari hii. Atataka kujua mwanawe alisema nini zaidi, na mimi nilivutwa mkono kabla hajamaliza.

Mwanao akupendaye,
Zuhura