Mgonjwa wa Kuhesabiwa

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu tele. Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tunasukuma siku. Usishtuke: mama amelazwa hapa zahanati, wodini kwangu ninakouguza, anaharisha. Juzi hata kikombe alishindwa kukishika. Leo kanywa uji, akalalamika kuwa hauna sukari, nikajua bado yupo! Lakini daktari anasema figo hazijakaa sawa, tumwombe Mungu tu.

Chanzo ni bomba la nyuma ya soko. Lilipasuka, maji machafu ya mtaroni yakaingia, na mtaa mzima unachota hapo hapo. Tumepiga kelele hadi basi. Mkubwa wa mahesabu wa wilayani, sisi tunamwita Bwana Bajeti, akatujibu kwamba fungu la dawa limejaa ila la maji ni tupu, na hela za fungu moja haziruhusiwi kugusa jingine. Yaani dripu tunazo hadi zinakosa pa kuwekwa, lakini kipande cha bomba hatuna. Nilicheka kwa hasira, kaka.

Fundi bomba wa mtaani alijitolea kuliziba bure. Mwaka juzi aliziba jingine, wagonjwa wakapungua, tukashangilia. Kumbe bajeti inafuata vichwa vya wagonjwa! Tukapunguziwa wauguzi wawili, chumba cha kujifungulia kikafungwa. Jirani yetu mshonaji akajifungulia njiani, na mtoto hakupona.

Sasa nikwambie lililonikaa rohoni, maana mama hajui. Safari hii fundi alipokuja na vifaa vyake, mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwomba avute subira hadi Bwana Bajeti aje kuhesabu wagonjwa, wasije wakatufungia na wodi iliyobaki. Mama nilimsisitiza achemshe maji. Alikuwa anachemsha, mpaka siku mkaa ulipomwishia.

Jana Bwana Bajeti alikuja, akapita kitanda kwa kitanda. Mama akamshika mkono, akamsihi asitupunguze, kwamba bila binti yake huyu angekuwa ameshazikwa. Yule bwana akatabasamu, akamhesabu, akaniambia mwaka huu tumenusurika.

Fundi anaziba leo. Njoo, kaka, tafadhali. Mama anakuulizia, na kila akinishukuru natoka nje.

Wasalimie wote hapo nyumbani, watoto wabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kasuku